NSF inasema mto "mzuri", CCME inasema "wastani", wadudu wanasema mbaya: nishike lipi?

Mkondo_Mmoja

Habari wakuu. Naomba msaada wa wanaofanya tathmini za mito na maziwa. Nina data za kituo kimoja cha mto unaomwaga ziwani, sampuli moja kila mwezi kwa mwaka mzima. Vigezo ni vinane: oksijeni iliyoyeyuka, pH, BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu), jumla ya fosforasi, naitrati, amonia, kiwango cha tope (NTU) na E. coli. Nimepitisha data hizo kwenye njia tofauti, nimepata hivi:

NSF (fahirisi ya ubora wa maji ya Marekani, 0 hadi 100): 76, "nzuri". Joto na jumla ya yabisi sina, nikagawa uzito upya kwa vilivyobaki.

CCME (fahirisi ya Kanada, nayo 0 hadi 100): 67, "wastani". Vigezo 3 vimevuka kikomo (fosforasi mara 9, tope mara 6, E. coli mara 5), yaani vipimo 20 kati ya 96. Jumla ya ukubwa wa mivuko (kila thamani gawanya kwa kikomo, toa 1) ni 60.

SASS5 (alama za mto kwa wadudu na wanyama wadogo waliomo) kwenye kituo hichohicho: alama 58, makundi 14, ASPT (wastani wa alama kwa kila kundi) 4.1.

Ziwani: diski ya Secchi (ya kupimia uwazi wa maji) 0.5 m, klorofili-a (rangi ya kijani ya mwani) 6 µg/L, jumla ya fosforasi 90 µg/L. Nimekokotoa TSI (fahirisi za rutuba ya ziwa) tatu za Carlson nikachukua wastani, 62.

Ripoti inatakiwa kutoa daraja moja la mto na moja la ziwa. Kwa nini majibu yanapishana hivi, na lipi ndilo la kuandika?

---

Kipimamaji

Mkuu, hazipishani kwa bahati mbaya. Kila moja imejibu swali lake. Nianze na NSF kwa sababu ndiyo inayodanganya watu wengi.

Ilitengenezwa Marekani mwaka 1970 kwa kukusanya maoni ya wataalamu. Vigezo ni tisa na uzito wake hauchezewi: oksijeni 0.17, kolifomu za kinyesi 0.16, pH 0.11, BOD 0.11, badiliko la joto 0.10, fosfeti 0.10, naitrati 0.10, tope 0.08, jumla ya yabisi 0.07. Kila kipimo unakisoma kwenye grafu yake, unapata alama ya 0 hadi 100, unazidisha kwa uzito, unajumlisha. Amonia haimo kabisa, kwa hiyo kama mto wako una tatizo la amonia, NSF haitaliona hata siku moja.

Ugonjwa wake mkubwa ni kujumlisha. Chukua maji ambayo vigezo vinane vina alama 90 na kolifomu ina alama 5, yaani kinyesi kitupu. Hesabu: 0.84 × 90 + 0.16 × 5 = 76.4. "Nzuri". Maji ambayo hakuna mtu mwenye akili zake angemruhusu mtoto aogelee.

Sasa badilisha kanuni tu, alama ziache zilivyo. Ukizidisha badala ya kujumlisha (90 kwa kipeo cha 0.84, mara 5 kwa kipeo cha 0.16) unapata karibu 57, "wastani". Ukitumia kanuni ya jimbo la Oregon, ambayo haina uzito (idadi ya vigezo gawanya kwa jumla ya 1/alama², kisha kipeuo cha pili), unapata karibu 15. Ukichukua alama ya chini kabisa, ni 5. Maji ni yaleyale, tofauti ni 76 hadi 5.

Na hilo la kugawa uzito upya liangalie sana. Katika mfano huohuo, usipopima kolifomu unagawanya kwa 0.84 na unapata 90. Yaani kituo kisicho na maabara ya bakteria kinaonekana kisafi kuliko chenye maabara. Sheria ninayoishika: kukosa yabisi au joto si tatizo, lakini ukikosa oksijeni au kolifomu usitoe namba ya NSF.

Kabla hujaamini hiyo 76, kagua pia haya:

Oksijeni kwenye grafu ya NSF ni asilimia ya shibe, yaani uliyopima ukilinganisha na kiasi ambacho maji yale yanaweza kubeba kwa joto na mwinuko ule. Si mg/L. Ukiingiza 7 kama ilivyo, kompyuta inasoma 7% na alama inaporomoka. Maji ya 25 °C usawa wa bahari hushiba kwa 8.26 mg/L, lakini kwenye mwinuko wa mita 1,500 ni karibu 6.9 tu. Hiyo 7 mg/L ileile ni 85% kule chini na zaidi kidogo ya 100% kule juu.

Joto, ukija kulipima, ni tofauti kati ya kituo chako na sehemu ya juu ya mto isiyoathiriwa. Si joto la maji lenyewe. Ukiingiza 24 umetangaza kwamba kuna kiwanda kinachemsha mto.

Naitrati: hakikisha grafu na maabara vinasema lugha moja. Matokeo ya NO₃ ni makubwa mara 4.43 kuliko yanayoandikwa kama nitrojeni. Fosfeti dhidi ya fosforasi ni mara 3.07.

---

FosforasiP

Kipimamaji amemaliza NSF, mimi niongeze CCME. Ya Kanada hii, toleo la 2001, haina grafu wala uzito. Ina mambo matatu: F1 ni asilimia ya vigezo vilivyovuka kikomo hata mara moja, F2 ni asilimia ya vipimo vilivyovuka, F3 ni ukubwa wa mivuko. Kwa data zako:

F1 = 3/8 = 37.5
F2 = 20/96 = 20.8
Wastani wa mivuko = 60/96 = 0.625, F3 = 0.625 / (0.01 × 0.625 + 0.01) = 38.5

Unapandisha kila moja kwa kipeo cha pili, unajumlisha, unatoa kipeuo cha pili: 57.6. Unagawanya kwa 1.732, unapata 33.3. Ukitoa kwenye 100, ni 66.7. Kwa hiyo 67 yako ni sahihi kihesabu. Madaraja: 95–100 bora sana, 80–94 nzuri, 65–79 wastani, 45–64 hafifu, chini ya hapo mbaya. Ona kwamba 76 ya NSF ni "nzuri" lakini 76 ya CCME ni "wastani", kwa hiyo namba za njia mbili haziwekwi safu moja kamwe.

Udhaifu wake ni huu, na sijui kwa nini hausemwi wazi zaidi. Chukua data zako hizohizo, ongeza metali nane ambazo mtoni kwako hazijawahi kuvuka kikomo. Vigezo sasa ni 16, vipimo 192. F1 inashuka hadi 18.75, F2 hadi 10.4, F3 hadi 23.8. Fahirisi inapanda hadi 81.5, "nzuri". Hakuna tone lililosafishwa, umenunua tu vipimo zaidi. Ndiyo maana ukilinganisha vituo au miaka kwa CCME, orodha ya vigezo lazima iwe ileile na idadi ya sampuli ikaribiane. Utaratibu wenyewe unadai angalau vigezo vinne, kila kimoja kipimwe angalau mara nne, na hicho ni kiwango cha chini tu. Sampuli nne za kiangazi pekee hazisemi lolote kuhusu mvua za kwanza zinazosomba uchafu wote wa nchi kavu.

Pili, kikomo ndicho kinachoamua kila kitu. Umetumia vikomo vya nini? Watu huchukua vya maji ya kunywa kwa sababu ndivyo vilivyo karibu. WHO inaruhusu naitrati 50 mg/L kwenye maji ya kunywa, sawa na 11.3 ikiandikwa kama nitrojeni, kwa ajili ya kumlinda mtoto mchanga. Mwani hustawi kwa nitrojeni chini ya 1 mg/L. Kwa hiyo naitrati yako "imefaulu" mtihani usiohusu mto.

Na E. coli kinyume chake: kikomo cha maji ya kunywa ni sifuri kwenye 100 mL, na mvuko ni thamani gawanya kwa kikomo, toa 1. Huwezi kugawanya kwa sifuri. Anayekwepa kwa kuandika 1 hupata F3 ya karibu 100, na vigezo vingine vyote havina tena sauti. Kwa kuwa jumla ya mivuko yako ni 60 tu, nahisi umetumia 1,000 au karibu na hapo, na hiyo inaeleweka kwa mto. Andika tu wazi kwenye ripoti.

Oksijeni hugeuzwa: kikomo gawanya kwa thamani, toa 1, maana kosa lake ni kupungua. Kigezo ambacho mashine yako haiwezi kushuka chini ya kikomo (mashine inaanza kusoma 0.05 na kikomo ni 0.02) usikihesabu kama kimefaulu. Kitoe.

---

Wavu1mm

Mimi ni wa upande wa wadudu. Tofauti kati ya ASPT 4.1 na kemia yako hainishangazi hata kidogo. Chupa inasema hali ya dakika ile ulipoichovya. Wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo wanaishi pale wiki na miezi, na wakiuawa na maji machafu yaliyopita usiku, mwezi unaofuata bado hawapo.

Kitu cha kukagua kwanza ni jinsi sampuli ilivyochukuliwa, maana SASS5 ina utaratibu mkali. Wavu wa fremu ya sentimita 30 kwa 30, matundu ya 1 mm. Mawe yenye mkondo unayapiga teke na kuyasugua kwa dakika 2 kama yanasogea, isizidi 5 kama yameshikana na mwamba. Mawe yasiyo na mkondo dakika 1. Majani ya ukingoni urefu wa mita 2. Kokoto, mchanga na tope dakika 1 kwa jumla. Kila makazi yana trei yake, unasoma kwa dakika 15, au unaacha ikiwa dakika 5 zimepita bila kundi jipya. Makundi hupewa alama 1 hadi 15 kwa uvumilivu: minyoo (Oligochaeta) 1, lava wa Chironomidae (wadudu kama mbu wasiouma) 2, Heptageniidae (familia ya wadudu wa maji safi) 13. Baetidae, familia nyingine ya wadudu wa maji, ni mtego: aina moja 4, aina mbili 6, zaidi ya mbili 12. Anayewahesabu wote kuwa aina moja anaweza kuupokonya mto hadi alama 8.

Alama za jumla, 58 yako, hutegemea sana umetafuta kiasi gani na kituo kina makazi mangapi. ASPT (58 gawanya kwa 14) haiyumbi hivyo, ndiyo ninayoitegemea. Lakini kabla ya kulaumu uchafuzi, jibu hili: kituo kina mawe? Sehemu ya mchanga na tope mtupu hutoa ASPT ya chini hata maji yakiwa safi, kwa kuwa Heptageniidae na Perlidae wanataka mawe. Lazima ulinganishe na kituo kisichoathiriwa cha mto wa aina hiyohiyo. Bila hicho, 4.1 ni namba inayoelea hewani.

Halafu usiilinganishe na ASPT ya BMWP ya Uingereza, ile alama zake zinaishia 10. Kama mto uko Tanzania, kuna TARISS iliyotoholewa kutoka SASS ya Afrika Kusini kwa makundi ya huko. Na SASS haitumiki ziwani, wala mara tu baada ya mafuriko, wala kwenye mto unaokauka.

---

Mkondo_Mmoja

Asanteni sana wakuu. Mawe yapo, na kituo cha juu chenye mawe kama hayo kina ASPT 6.3. Vikomo vya naitrati kweli nilichukua vya maji ya kunywa. Sasa nauliza: kwa nini nisifanye kama Ulaya, nichukue kigezo kibaya kuliko vyote kiwe ndiyo daraja? Ingemaliza ubishi.

---

Wavu1mm

Kama juu ni 6.3 na mawe ni yaleyale, basi hapo kati kuna kitu kinaingia. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko yote uliyoleta. Gawanya 4.1 kwa 6.3, unapata 0.65. Ulaya ndivyo wanavyofanya tangu Mwongozo wa Maji wa mwaka 2000: wanachokiona gawanya kwa kile ambacho kingetarajiwa mahali pasipoguswa, kipimo cha 0 hadi 1, madaraja matano. Ila mipaka ya madaraja yao usiinakili, imewekwa kwa aina zao za mito.

Na mimi naunga mkono kibaya kiamue. Samaki haponi kwa wastani.

---

Kipimamaji

Hapo tunatofautiana kidogo, Wavu. Kanuni ya "kimoja kikianguka vyote vimeanguka" ina gharama. Tuseme una vipengele vitano na kila kimoja kina uwezekano wa 10% wa kuangukia daraja la chini kimakosa, kwa sababu ya sampuli chache au mtambuzi mgeni. Uwezekano wa angalau kimoja kukosea ni 1 − 0.9⁵, karibu 41%. Kadiri unavyopima zaidi ndivyo mto unavyozidi kuanguka hata kama ni mzima. Ni kinyume kabisa cha kosa la CCME, ambako kupima zaidi kunapandisha.

Pia inaficha maendeleo. Ukijenga mtambo wa majitaka, amonia na BOD zikashuka nusu, lakini fosforasi bado iko juu, daraja halitikisiki.

Ningefanya hivi: daraja liamuliwe na kibaya zaidi, lakini kando yake iandikwe ni kipi kilichoangusha na kwa sampuli ngapi. Kigezo kisiangushwe kwa sampuli moja tu. Asilimia 80 ni kizingiti kizuri: hivyo ndivyo kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinavyofanya, mto au ziwa ni "zuri" ikiwa angalau 80% ya vipimo viko ndani ya malengo. Kwako ni 76 kati ya 96, yaani 79%. Umekosa kwa upenyo wa sindano. Lakini 6.3.2 katika ngazi yake ya kwanza ina makundi matano tu: oksijeni, chumvi, nitrojeni, fosforasi na asidi. Bakteria hawamo, tope halimo, na upitishaji umeme, ambao ndio kipimo cha chumvi, hujapima. Kipime. Ni kifaa cha mkononi, sekunde chache, na ndicho kinachokuonyesha haraka kama kuna majitaka yanaingia kati ya vituo viwili.

---

FosforasiP

Ziwa limesahaulika. Hiyo 62 ifute kwanza.

TSI(Secchi) = 60 − 14.41 × ln(0.5) = 70
TSI(klorofili) = 9.81 × ln(6) + 30.6 = 48
TSI(fosforasi) = 14.42 × ln(90) + 4.15 = 69

Chini ya 40 ziwa lina rutuba haba, 40 hadi 50 ya kati, 50 hadi 70 nyingi, zaidi ya 70 limepindukia. Carlson aliziweka mwaka 1977 kama njia tatu za kukadiria kitu kimoja, wingi wa mwani. Zikitofautiana hazipatanishwi kwa wastani, maana tofauti ndiyo habari yenyewe. Kwako Secchi na fosforasi ziko pamoja juu, klorofili iko chini kwa pointi zaidi ya 20. Hiyo ni alama ya wazi ya tope: udongo unazuia mwanga, fosforasi imegandamana na chembe za udongo, na mwani haupati mwanga wa kukua. Inaendana na mto wako uliovuka kikomo cha tope na fosforasi. Ungekuta fosforasi peke yake iko juu na nyingine mbili chini, ungeshuku uhaba wa nitrojeni au wanyama wadogo wanaokula mwani. Klorofili ikizidi Secchi, mara nyingi ni mwani wa mabonge makubwa unaoacha mwanga upite katikati.

Andika: hali ya rutuba kwa klorofili ni ya kati, uwazi ni mbaya kwa sababu ya tope. Na uonye kwamba tope likipungua bila fosforasi kupungua, mwani unaweza kulipuka.

Ila hakikisha klorofili ni ya kweli kabla hujaandika hivyo. 6 µg/L yenye shaka hutokea hivi: chupa imekaa kwenye jua, au chujio limekaa siku kadhaa bila kugandishwa. Chuja siku hiyohiyo kwa chujio la nyuzi za kioo, punguza mwanga, likunje, lifunge kwa karatasi ya alumini, ligandishe. Klorofili itolewe kwenye chujio kwa asetoni ya 90%, na usomaji usahihishwe kwa feofitini (mabaki ya klorofili iliyoharibika). Kwenye maji ya tope chujio huziba mapema, kwa hiyo mtu huchuja mL 100 badala ya 500 kisha anasahau kubadilisha ujazo kwenye fomula. Hapo unapata moja ya tano ya jibu.

Diski iwe ya sentimita 20, ishushwe upande wa kivuli wa mtumbwi, karibu na adhuhuri, bila miwani ya jua. Soma inapopotea, soma inapotokea tena, chukua wastani wa hizo mbili. Huo wastani unaruhusiwa.

---

Mkondo_Mmoja

Imeeleweka. Oksijeni ya mto nilipima saa nne asubuhi kila mara, na haikuvuka kikomo hata mara moja. Ina shida?

---

Kipimamaji

Ina shida. Saa nne mwani na majani ya majini tayari yanazalisha oksijeni. Kiwango cha chini kabisa huwa alfajiri, kabla jua halijachomoza, na hicho ndicho kinachoua. Mto wenye rutuba unaweza kusoma juu ya 100% mchana na nusu yake alfajiri. Acha kifaa cha kurekodi chenyewe kila dakika 15 kwa siku mbili tatu wakati maji yamepungua na joto liko juu. Huwezi, basi pima saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri siku hiyohiyo. Ukikuta tofauti kubwa, rudia hesabu ya CCME kwa thamani za alfajiri: oksijeni ikivuka hata mara moja tu, F1 yako inatoka 37.5 inakwenda 50, na 67 inashuka hadi karibu 61, "hafifu".